Sauti Iliyopimwa

Havana, 3 Oktoba 1994

Kwa Bibi Zoraida Echemendía, Msomaji,
Kiwanda cha La Yagruma, Consolación del Sur

Shemeji,

Nakuandikia kwa kazi, si kwa undugu, kwa hiyo tafadhali usiipeleke barua hii jukwaani.

Mkoa umeiagiza taasisi yangu ijibu swali moja: je, kuwasomea wasokotaji wa sigara kunawasaidia, au kunawachelewesha? Kila kiwanda mkoani kwenu kina msomaji kama wewe, anayekaa juu ya jukwaa akisoma magazeti asubuhi na riwaya alasiri, huku wenzake wakisokota. Wapo wakubwa wanaoona kiti hicho ni cha kizamani. Tumechagua kiwanda chenu kwa sababu kina kumbi mbili zinazofanana, zenye ukuta katikati na mlango mmoja.

Kuanzia Jumatatu ijayo ukumbi wa mbele utasomewa kama kawaida. Ukumbi wa nyuma hautasomewa. Fundi atakata waya wa spika yao. Jambo ninalolibadilisha mimi kwa mkono wangu ni usomaji: huku upo, kule haupo. Hilo tunaliita kigeu huru. Jambo ninalokaa kulisubiri nione litafanya nini ni idadi ya sigara ambazo mtu anasokota kwa saa. Hilo ni kigeu tegemezi, kwa kuwa linategemea lile la kwanza, kama kweli linategemea. Mengine yote hayaruhusiwi kubadilika: jani la tumbaku lile lile, unene ule ule wa sigara, saa zile zile.

Wewe unatakiwa usome tu unavyosoma siku zote. Ripoti itakwenda mkoani katikati ya Januari. Ikionekana usomaji hauna faida, viti vya wasomaji vitaondolewa mkoa mzima, na chako kimo. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuvizia.

Migdalia anakusalimu.

Evelio Barrizonte
Mtafiti


Consolación del Sur, 11 Oktoba 1994

Shemeji Evelio,

Salamu za mdogo wangu nimezipokea. Zako sikuziona, kwa hiyo na mimi sina za kurudisha.

Yaani umetoka hapa kwetu na nguo zako kwenye mfuko wa nailoni, ukasoma, ukapewa meza na dirisha linalotazama bahari, na katika mambo yote ya dunia hii umeona cha kutafiti ni kiti changu! Haya, ngoja nikusaidie, maana naona vigeu vyako nimeshavielewa. Kigeu huru ni chuki yako. Kigeu tegemezi ni riziki yangu. Chuki ikipanda, riziki inashuka. Andika hivyo uwahi nyumbani ukale.

Unadhani nimesahau ilikoanzia? Ile barua uliyomtumia Migdalia kwa anwani ya kiwanda, zamani hizo unamchumbia, ukamwita "njiwa wa roho yangu mwenye shingo ya asali". Nikaisoma jukwaani. Wasokotaji wakagonga visu vyao vya kukatia tumbaku mezani, kama wanavyogonga wakipenda kitu, mpaka msimamizi akatoka ofisini akidhani dari imeanguka. Ilikuwa barua mbaya, Evelio. Njiwa hana shingo ya asali, ana shingo ya manyoya. Ukaoa, ukapata cheo, na hadi leo mzee Ubaldo wa ukumbi wa nyuma akisikia jina lako huuliza, "Njiwa hajambo?" Miaka yote hii umekuwa ukitafuta namna ya kuniziba mdomo, na sasa umepata karatasi yenye muhuri.

Tena naijua hila yako. Ukumbi wa nyuma ndiko walikojaa wenye mikono myepesi. Umewapanga wao bila msomaji ili wawashinde wa mbele, halafu useme ni ukimya uliowapa mbio. Mtu mzima, huoni haya?

Lakini sikuogopi. Mimi nasoma, na anayesomewa husokota kwa moyo. Utaona mwenyewe, na siku hiyo nitataka uniandikie kwa mwandiko wako kwamba nilikuwa sahihi.

Zoraida


Havana, 19 Oktoba 1994

Shemeji,

Majina ya wasokotaji wote yaliwekwa kwenye kapu na kuchomolewa kwa kura mbele ya chama cha wafanyakazi. Nani akae mbele na nani nyuma, kapu ndilo lililoamua. Wenye mikono myepesi wamegawanyika, na wavivu pia. Hiyo ndiyo kazi ya kura: kuhakikisha kumbi mbili hazitofautiani kwa kitu kingine chochote ila wewe. Ungemuuliza katibu wa chama kabla ya kunitukana, ungeokoa wino.

Kuhusu ile barua, nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Ulikuwa na haki ya kuipeleka kwa mwenyewe, hukuwa na haki ya kuwasomea watu wa ukumbi mzima wanicheke. Lakini hilo halihusiani na jaribio.

Soma, usiongeze, usipunguze.

Evelio Barrizonte


Consolación del Sur, 14 Novemba 1994

Shemeji,

Sikukuandikia kwa sababu nina raha.

Nimeanza riwaya mpya, ya mjane mmoja wa bandarini ambaye waume watatu wamemfia mezani, kila mmoja akiwa na bakuli la supu ile ile, na sasa kapata mchumba wa nne, mpimaji wa mashamba, mtu mpole kama wewe ulivyojifanya. Watu wangu hawalali. Leo nilipofunga kitabu, mjane ameshika upawa na mchumba ameshika kijiko, Hortensia wa meza ya kwanza akapiga kelele, "Bibi wee, usituache na kijiko hewani, nina presha!" Visu viligongwa mpaka vumbi la tumbaku likatupaliza.

Hiyo ndiyo dawa ya kazi, Evelio. Furaha. Hakuna mashine inayoipima. Ukumbi wa mbele wanafanya kazi huku roho zimechanua, na nyuma ni makaburini, nasikia hata kukohoa hakuna. Tangu wiki ya kwanza nimesogeza kiti changu hadi karibu na mlango wa kati, maana hewa ya huku ni nzito na feni haina umeme wa kuaminika.

Anza kufanya mazoezi ya kuandika "nilikosea". Neno si refu.

Zoraida


Havana, 12 Desemba 1994

Shemeji,

Hesabu imekamilika. Ukumbi wa nyuma, usiosomewa, umeupita ukumbi wa mbele. Si kwa kubahatisha, si kwa siku moja au mbili; umeupita kila wiki tangu wiki ya pili, na tofauti imekuwa ikikua. Waliosomewa wanasokota polepole. Wasiosomewa wanasokota kama watu wanaokimbia mvua.

Kwa hiyo jibu la swali la mkoa ni kwamba usomaji unachelewesha kazi. Ripoti yangu itapendekeza viti viondolewe. Kuanzia Machi kumbi zitawekewa redio asubuhi, basi.

Kwa adabu ilipasa niseme nimesikitika. Umri wangu wa kusema uongo umepita: sikusikitika.

Evelio Barrizonte


Consolación del Sur, 20 Desemba 1994

Evelio,

Kaa chini usome hii taratibu.

Barua yako ilinikata maini. Siku mbili nilisoma magazeti bila kujua ninachosoma, nikitazama ukumbi wangu wa mbele na kujiuliza kama kweli ni mimi niliyewafunga mikono. Siku ya tatu nikaenda ukumbi wa nyuma saa ya chakula, nikamkabili Ubaldo.

"Ubaldo, nyinyi mnakimbilia wapi? Mnasokota mpaka vidole vinatoa moshi."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Tunakimbilia wapi? Tunakimbilia kwako, mwanamke!"

"Kwangu wapi? Kwenu hakusomwi."

"Ndiyo maana! Sheria si inasema mtu akimaliza kiwango chake cha siku anaruhusiwa kuinuka mezani? Basi tunasokota kwa kasi asubuhi yote, alasiri ukifungua riwaya sisi tumeshamaliza, tumejipanga mlangoni. Wewe umetupa mgongo, hutuoni. Jana nimekanyagwa mguu kwa ajili ya ile supu."

Umesikia, shemeji? Watu wako wasiosomewa walikuwa wanasokota ili wasomewe. Ukumbi wa mbele wana haraka gani? Wamekaa, hadithi inawafuata mezani. Wa nyuma waliinunua kwa jasho. Wewe uliandika "hakuna usomaji" juu ya kichwa cha watu ambao tangu asubuhi hawana jingine kichwani ila usomaji. Unasema ukimya uliwapa mbio, kumbe ni sauti yangu iliyowavuta kama kamba.

Futa hiyo ripoti. Watu wote wa mkoa huu wanaopanda jukwaani watapoteza kazi kwa kosa lako.

Zoraida


Havana, 29 Desemba 1994

Shemeji,

Siifuti.

Kwanza, maneno ya Ubaldo ni maneno ya Ubaldo. Mtu akiulizwa na rafiki yake "kwa nini ulikimbia", hutoa sababu itakayompendeza rafiki. Mimi nahesabu sigara, sihesabu vicheko.

Pili, nani alisogeza kiti? Mahali pa kiti cha msomaji ni katikati ya ukumbi wa mbele, palipoonyeshwa kwenye mchoro niliouacha ofisini kwenu. Usingekisogeza hadi mlangoni, ukumbi wa nyuma wasingesikia hata neno moja. Hewa nzito! Ulijua wapo pale. Msomaji wa miaka mingi hajui kwamba nyuma ya mgongo wake kuna watu wanapumua? Ulitaka wakusikie kwa sababu hukuweza kuvumilia kwamba kuna ukumbi mmoja duniani unafanya kazi bila wewe. Umekitia matope kisima kwa mguu wako, sasa unanilalamikia kwamba maji yangu ni machafu.

Nilikuomba kitu kimoja tu, usiongeze, usipunguze. Ripoti inaondoka tarehe kumi na tano.

Evelio Barrizonte


Havana, 30 Desemba 1994

Dada Zoraida,

Nakuandikia jikoni, Evelio yuko sebuleni anapiga mashine ya kuandika kana kwamba imemkosea.

Nimechoka nanyi. Wewe unamwona yeye mchawi, yeye anakuona wewe mwehu, na mimi nimekaa katikati miaka ishirini nikipeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma. Ndiyo dada, zote nilizitunga mimi.

Sasa sikiliza, na ukimwambia nimesema sikusamehi. Mlinzi wa kiwanda chenu alimwandikia Evelio tangu Novemba kwamba watu wa nyuma wanajazana mlangoni alasiri. Niliisoma barua hiyo mezani kwangu. Evelio aliikunja akaiweka mfukoni, akaacha jaribio liendelee. Tangu siku hiyo halali vizuri, anageuka kitandani kama samaki kwenye kikaango, kwa sababu kazi yake anaipenda na anajua hii imeoza. Lakini kukosolewa na wewe hawezi. Na wewe ulisogeza kile kiti kwa makusudi, usinidanganye, nakujua tangu tunalala kitanda kimoja.

Nimesikia habari za vigeu kwenye meza ya chakula mpaka wali ukapoa mara elfu. Kwa hiyo na mimi niseme moja. Kama ni sauti yako inayowakimbiza watu wa nyuma, basi sauti ikizimika kabisa, kumbi zote mbili, mbio zitaisha. Kama si sauti yako, wataendelea vile vile. Ni hivyo tu. Lakini ili ijulikane, lazima ufanye jambo ambalo hujawahi kulifanya tangu uzaliwe.

Mdogo wako,
Migdalia


Consolación del Sur, 6 Januari 1995

Evelio,

Mlinzi alikuandikia Novemba. Usiulize nimejuaje. Ulijua mlango umejaa watu na ukanyamaza, halafu ukanihubiria mimi habari za kisima. Nyani haoni kundule.

Ningeweza kuipeleka habari hii kwa wakubwa wako na wewe ungetafuta kazi ya kuuza vitunguu barabarani. Siipeleki, kwa ajili ya mdogo wangu. Na nikubali moja, ulijue moja kwa moja kutoka kwangu: kiti nilikisogeza ili wanisikie. Ningekisogeza tena.

Ninachotaka ni jaribio la pili, kabla ripoti haijatoka. Nitafunga mdomo. Kumbi zote mbili, nisisome kitu, magazeti wala riwaya. Wakiendelea kusokota vile vile, peleka ripoti yako na kiti changu nitakibeba kichwani mwenyewe hadi stoo. Mbio zikiisha, utaandika ukweli.

Wiki tatu zinatosha?

Zoraida


Havana, 11 Januari 1995

Shemeji,

Zinatosha. Nimeomba mkoa muda hadi mwisho wa Februari, nimesema kuna kasoro katika hesabu. Ni kweli kuna kasoro.

Safari hii kigeu huru ni ukimya wako. Kiwanda cha mjini Pinar del Río kitaendelea kusomewa kama kawaida, nami nitalinganisha, ili kasi ikishuka tusidanganyike kwamba ni jani baya au umeme au njaa, maana hayo yatawapata na wao.

Sharti moja, na hili si la kiburi. Mtu yeyote asijue kwa nini umenyamaza. Mtu akijua anapimwa hubadilika. Ukiwaambia, watasokota kwa kujikokota makusudi ili wakuokoe, kwa sababu wanakupenda, sijui kwa lipi. Hapo nitakuwa sikupima usomaji, nimepima huruma yao. Sema unaumwa koo. Koo la msomaji likiuma hakuna atakayeuliza.

Kama huwezi, niambie sasa.

Evelio


Consolación del Sur, 27 Januari 1995

Kwa Bibi Zoraida wetu,

Nakuandikia kwenye karatasi ya kufungia sigara, samahani, hakuna nyingine. Sikutaka kukupigia kelele mlangoni, wasije wakasema Ubaldo anamsumbua mgonjwa.

Wiki ya pili hii huna sauti. Ukumbi umekuwa kama nyumba ya matanga. Watu wanatazama saa, wanakwenda chooni, wanarudi, wanatazama saa tena. Mimi mwenyewe jana nimemaliza kiwango changu jioni kabisa, jambo lisilonipata tangu nivunjike mkono. Nikimaliza mapema niende wapi?

Tunakuletea asali kidogo na ndimu mbili. Hortensia anasema uchanganye na maji ya moto na jani la oregano, ukae nalo kooni kabla ya kumeza. Usiulize asali tumeitoa wapi wakati huu wa dhiki. Wewe kunywa. Tulikuchagua sisi kwa kura zetu wakati mkurugenzi hakutaka mwanamke jukwaani, na hatuko tayari kukupoteza kwa sababu ya koo.

Wako,
Ubaldo Cruzata, ukumbi wa nyuma


Havana, 20 Februari 1995

Shemeji,

Nilitaka uandikiwe neno hili kwa mwandiko wangu, kama ulivyodai. Nilikosea.

Ulipoacha kusoma, ukumbi wa nyuma ulianguka vibaya. Ukumbi wa mbele nao ulishuka, ingawa kidogo. Kile cha Pinar del Río hakikushuka hata chembe. Uliporudi kusoma, kumbi zote mbili zilipanda ndani ya wiki moja. Niliangalia hesabu hizo kwa njia zote ninazozijua, nikitafuta mlango wa kutokea, sikuupata. Kasi yao inategemea sauti yako. Ripoti mpya nimeitia sahihi leo. Inasema viti vibaki, na nakala inakuja kwenu kiwandani.

Nimeandika pia kwamba jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu ya mlango, na kwamba mimi nilijua. Mkuu wangu ameisoma, akairudisha mezani kwangu kifudifudi.

Usifikiri tumepatana. Bado naona wewe ni mtu mkatili mwenye sauti nzuri.

Evelio


Consolación del Sur, 6 Machi 1995

Evelio,

Ripoti ilifika. Viti vinabaki, mkoa mzima. Migdalia ameniandikia kwamba unataka kupanda basi uje kuzungumza na wasokotaji. Soma kwanza yaliyotokea, kisha uvue viatu ukae nyumbani.

Unanijua. Nilipanda nayo jukwaani. Nikawaita na wa nyuma waje, wakajaa hadi kwenye kuta, na nikaisoma yote, kuanzia kichwa hadi sahihi yako, kwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitoa. Nikawaeleza kwamba koo halikuniuma hata siku moja. Kwamba nilinyamaza ili kiti hiki kisife. Nikamaliza nikasubiri visu.

Hakuna aliyegonga.

Ubaldo akainuka. "Kwa hiyo ulikuwa mzima?"

"Nilikuwa mzima, Ubaldo. Ilibidi."

"Na ile asali?"

"Niliinywa."

"Ya mjukuu wangu ile, Zoraida. Mtoto anakohoa kifua, nikamwambia avumilie, msomaji wetu anaumwa." Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Tumepimwa kama panya. Njiwa simlaumu, Njiwa kazi yake ndiyo hiyo. Lakini huyu tulimweka sisi!"

Nikasema yale maneno yako. Nikasema mtu akijua anapimwa hubadilika, nikasema kama ningewaambia wangejikokota makusudi ili waniokoe, na jaribio lingekufa. Nilikuwa na hoja zote, nikazipanga vizuri.

Hortensia hakuinua hata macho kutoka kwenye jani lake. "Basi ungetuuliza kama tunataka kukuokoa," alisema. "Hukutuuliza."

Niliikunja ripoti nikashuka jukwaani. Nilifikiri napigana nawe kwa ajili yao. Kumbe zile wiki tatu nilikuwa nimekaa upande wako wa meza, natazama mikono yao ikilegea, na Evelio, nilifurahi. Kila walivyozidi kudorora ndivyo nilivyozidi kufurahi, kwa sababu nilikuwa nakushinda. Ubaldo alikuwa ananiletea ndimu, nami nahesabu jinsi anavyochelewa.

Kura walipiga Ijumaa. Kiti kimebaki, mwenye kiti ametolewa. Hazikukaribiana hata kidogo.

Kwa hiyo usije. Ukija utaanza na vigeu, na wao watasema kumbe ni kweli, mtu na shemeji yake. Halafu ukweli ni kwamba nakuchukia bado, na kwa sasa sina mwingine wa kumchukia ila mimi mwenyewe, kwa hiyo niache nikuchukie wewe.

Jumatatu wanawasikiliza wanaokitaka kiti. Yuko kijana wa redio kutoka mjini, yuko mwalimu mstaafu mwenye sauti kama kengele ya kanisa. Kila mmoja anasoma ukurasa watakaompa wasokotaji, kisha wanapiga kura tena. Nimeandikisha jina langu, la mwisho kabisa. Katibu aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ndiyo.

Sina hakika. Naogopa, Evelio, naogopa kuliko nilivyowahi kuiogopa ripoti yako.

Zoraida